Moja Tu, Hatimali

Nampa Hatimali elfu tatu na mia tano
naye hanitazami tena usoni.
Zamani aliniuliza habari za nyumbani.
Siku hizi anasogeza boksi juu ya kioo cha kaunta
kama muuza dawa ajuaye maradhi ya mteja
na kuyanyamazia kwa adabu.

Usichukue ya juu. Ya juu imeshikwashikwa.
Semboja, fundi baiskeli wa Barabara ya Kumi,
huzipima kiganjani, macho kayafumba,
anaapa pakiti yenye kadi ya kung'aa
imezidi wenzake uzito wa unyoya.
Nesi Chausiku wa Bombo huchomoa ya tatu kutoka chini
baada ya bismillahi.
Mimi naitikisa sikioni
kama mnunuzi wa nazi.

Halafu ule mpasuko.
Sijui nikwambieje.
Ni sauti fupi, kama mtu anayevuta pumzi
kabla ya kulitaja jina lako.
Harufu ya wino inapanda puani,
na kwa muda wa kuhesabu moja, mbili,
kadi kumi hazijawa kitu bado,
yoyote kati yake yaweza kuwa yeye,
Malkia wa Chumvi, namba themanini na nane:
ukimwinamisha kwenye taa
dhahabu ya vazi lake inatiririka.

Huwa siye.
Huwa ni Askari wa Mkonge.
Ninao ishirini na mmoja sasa,
jeshi zima la kulinda ufukara wangu.

Alhamisi usiku tunapanda ghorofani kwa Semboja,
kwenye harufu ya gundi ya pancha,
tunatandaza mkeka, tunagawa kadi.
Watu wazima. Mmoja wetu ana wajukuu Makorora.
Tunabishana hadi mishipa inatutoka shingoni
iwapo jini la moto laweza kuvuka mto.
Tunasema ni mchezo,
na mchezo upo, mzuri,
lakini nimeliona jicho la Chausiku
likiiacha zamu yake na kwenda kutua
kwenye mfuko wa shati langu.

Nyumbani nimesema baiskeli ina pancha,
mara nne mwezi mmoja, tairi lilelile la nyuma.
Nimesema umeme umepanda.
Nimemuua mtu Muheza, Mungu anisamehe,
nipate kuutolea mchango msiba wake.

Juzi Mwantumu kafagia uvungu wa kabati.
Fagio likagonga bati la biskuti.
Mia nne na kumi na mbili, kila moja na nailoni yake.

Nikaingoja sauti.
Hakutoa sauti. Akaenda kwenye sanduku lake,
akafunua: doti sitini na moja,
nusu yake hazijayajua maji.
"Hii nilikopa," akasema. "Hii nilikwambia ni zawadi ya harusi.
Hii naichukia rangi, nimeinunua kwa jina tu."

Akarudi akashika kadi moja, akaigeuza.
"Na huyu? Anasemaje?"
"Hasemi. Ana nguvu saba, ulinzi mitatu."
"Kisichosema," akacheka, "mtu anakinunulia nini?"

Nilikuwa na pakiti moja mfukoni,
niliyoiweka akiba ya baada ya isha.
Sijui ni toba au ujanja, nikampa.
Hakuichana. Akaikata kwa mkasi wa kushonea,
taratibu, kama anayefungua barua ya talaka
isiyojulikana ni ya nani.
Askari wa Mkonge. Mvua ya Mombo. Mvua ya Mombo.
Akafika ya kumi.
Akazilinganisha kingo juu ya goti,
akachungulia ndani ya pakiti tupu,
akaipindua, akaikung'uta.

"Huyo Hatimali," akasema, akiutazama ukuta,
"Jumamosi hufungua saa ngapi?"

Saa mbili, nikamjibu.
Lakini kuanzia saa moja na nusu
ukigonga kwa nyuma, anafungua.